"Maporomoko ya Theluji": Istilahi Inayotaja Msiba na Kuinyamazia Hatari

Kazi ya istilahi si kukipa kitu jina tu ili kipate kuandikwa. Istilahi iliyo njema humwezesha mwenye kuitumia akitambue kitu, akitenganishe na kingine kinachofanana nacho, na kama kitu hicho ni cha kudhuru, akijue kabla hakijamfikia. Makala haya yanakusudia kulipima kwa kigezo hicho fungu dogo la maneno ambalo watafsiri wa habari, walimu wa jiografia na watumishi wa ofisi za utalii na maafa hulitumia mara kwa mara bila kulichunguza: maneno ya theluji, na hasa ya kuporomoka kwake.

Huenda msomaji akauliza: Ngamiani na theluji, wapi na wapi? Katika mitaa hii ya Tanga yenye kuitwa kwa namba, baridi kali kuliko zote ni ile ya asubuhi ya kusi, nayo haivuki kanga moja ya kujitandia. Hata hivyo swali hilo lina majibu matatu. Kwanza, reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 ilikwenda kufika chini ya mlima mrefu kuliko yote ya Afrika, na mlima huo una barafu. Pili, wasemaji wa Kiswahili sasa wanapanda milima ya mbali yenye theluji nyingi: Wilfred Moshi wa Tanzania alifika kilele cha Everest mwaka 2012, na James Kagambi wa Kenya, mwalimu wa upandaji milima, alikifikia mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 62. Tatu, na hili ndilo linalotuhusu zaidi, lugha inayotaka kufundishia kila elimu haina ruhusa ya kuchagua hatari itakazozitaja kwa usahihi na zile itakazozitaja kwa kubahatisha.

Barafu na theluji

Tuanze na maneno mawili ya msingi. Theluji limetoka katika Kiarabu. Barafu limetoka katika Kiajemi, na huko kwao maana yake ni theluji, wala si maji yaliyoganda. Neno hilo lilipofika pwani yetu, baada ya kupita pia katika lugha za Bara Hindi, lilikuwa limekwisha kuzoea kutaja kile kigumu kinachopoza maji na kuhifadhi samaki. Leo mtoto wa Ngamiani anayeuza barafu za ubuyu anajua vema maana ya barafu: ni kitu kigumu, kinachoshikika, kinachovunjika. Kwa hiyo lugha imekwisha kugawa kazi. Theluji ni ile inyeshayo kutoka mawinguni, nyepesi. Barafu ni ile iliyoganda ikawa ngumu.

Mgawanyo huo ni mzuri, lakini waandishi wetu hawautunzi. Husomwa mara nyingi kwamba "theluji ya Kilimanjaro inayeyuka". Theluji ya Kilimanjaro huyeyuka siku zote. Huanguka usiku, na pengine jua la mchana likaimaliza. Kinachopotea ni barafu, ile iliyolala mlimani kwa muda wa vizazi na vizazi. Vipimo vya wataalamu vinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1912 na mwaka 2007 eneo lililofunikwa na barafu hiyo lilipungua kwa takriban asilimia 85. Mwandishi anayesema theluji hapo amelifanya jambo zito lionekane la kawaida, nalo la kawaida lionekane la kutisha. Walioliunganisha neno barafu na mto wakapata barafuto, kwa ile barafu kubwa inayojongea polepole kufuata mteremko, walifanya kazi ya kusifiwa, kwa sababu neno lao linataja mwendo pamoja na kitu chenyewe.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba tatizo la kuutaja weupe ule ni la zamani. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alipouona mlima huo Mei 1848, kiongozi wake aliueleza weupe wa kileleni kuwa ni baridi tu. Wasomi wa London, hasa W. D. Cooley, walikataa kusadiki kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta. Katika mabishano hayo yule kiongozi hakupewa heshima anayostahili. Yeye alikitaja kitu kwa kile kinachomtenda binadamu, naye hakukosea: baridi ndiyo iliyoua wengi milimani. Kumtaja adui kwa tendo lake ni njia halali ya kuunda istilahi, nasi tutairudia njia hiyo hapa chini.

Neno "maporomoko": manufaa na kasoro zake

Sasa tulitazame neno lenyewe. Maporomoko ya theluji lina sifa zake. Kitenzi poromoka ni cha Kibantu, kinaeleweka Lamu mpaka Kigoma, na kinaonyesha vizuri kitu kingi kushuka kwa kasi na kwa kishindo. Hatuoni sababu ya kulitupa.

Kasoro ya kwanza ni kwamba neno hili linabeba mizigo mingi mno. Tunayo maporomoko ya maji, ambayo ni pambo la nchi na huvutia watalii. Maporomoko ya ardhi, ambayo ni maafa. Maporomoko ya mawe. Na hata bei za mkonge huporomoka. Kitu cha kudumu kinachotazamwa kwa raha na kitu cha ghafula kinachoua vimepewa jina moja. Tunapendekeza angalau kwamba mafundisho ya hatari yatumie umoja, poromoko, kwa tukio moja lenye saa yake na mahali pake, na maporomoko yaachiwe maji na wingi wa matukio.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Neno hili huanza kufanya kazi wakati jambo limekwisha kutokea. Linafaa katika taarifa ya habari ya saa mbili usiku, pale idadi ya waliokufa inapotajwa. Mpanda mlima anayesimama saa kumi na mbili asubuhi mbele ya mteremko mweupe uliotulia halimwambii lolote, kwa maana hapo hakuna kilichoporomoka. Hatari imo ndani ya utulivu ule ule anaoutazama, na kwa utulivu huo hatujampa jina.

Kosa hili halikukaa kwenye theluji peke yake. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang yalishuka juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walifariki. Wako waliolitaja tukio lile kwa neno mafuriko, wengine maporomoko ya ardhi, wengine maporomoko ya tope. Baadaye Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima ilinyonya maji ikameguka. Yaani hatari ilikuwa kule juu, katika tabaka lililokuwa likizidi kulowa na kulegea, kabla tope halijaonekana na mtu yeyote. Anayejifunza kuitaja vema hatari ya theluji anajifunza pia kuitaja ya Hanang na ya Usambara.

Mwaka 2006, mwezi Januari, mawe yalishuka upande wa magharibi wa Kibo yakawaua wapanda mlima watatu wa Kimarekani, na njia ile ikafungwa kwa muda mrefu kabla ya kufunguliwa tena. Mawe katika milima ya namna hiyo hushikwa na barafu kama vile tofali linavyoshikwa na udongo; barafu ikiyeyuka, kishikizo kimeondoka. Hapo pia neno "maporomoko ya mawe" ni sahihi, lakini limechelewa. La kufundishwa mpagazi na kiongozi wa safari ni kuachia kwa barafu.

Limbiko, tabaka na bambuko

Theluji ya nchi za baridi hailali kama unga uliomwagwa mara moja. Kila dhoruba huleta tabaka lake. Jua, upepo na baridi ya usiku hulibadilisha. Kisha dhoruba nyingine hulifunika. Mwishoni mwa msimu mlima umevaa matabaka yenye tabia mbalimbali, na usalama wa msafiri unategemea jinsi yanavyoshikamana. Watafsiri huita mkusanyiko huo rundo au lundo la theluji. Rundo ni takataka iliyofagiliwa pamoja. Halina mpangilio wala historia. Neno lifaalo ni limbiko. Mtu hulimbika maji, hulimbikiza mali, kidogo kidogo na kwa muda mrefu, na kilichowekwa jana kipo bado chini ya kilichowekwa leo. Limbiko la theluji linamkumbusha msomaji kwamba hali ya juu haielezi hali ya chini.

Ndani ya limbiko huwamo mara nyingi tabaka dhaifu. Mojawapo hutokana na sakitu, ule umande ulioganda usiku wa anga safi ukawa vipande vyembamba ving'aavyo. Sakitu ikifunikwa na theluji mpya kabla ya kuharibiwa na jua au upepo, inabaki kule chini kama vigae vilivyosimamishwa kwa ncha, na kazi yake ni kungoja uzito. Nyingine hutokea karibu na ardhi, pale chembe za theluji zinapokua na kupoteza mshikamano. Wako wanaopenda kuiita hiyo theluji ya chumvi, kwa kuwa inamiminika mkononi kama chumvi ya mawe. Tunaikubali kama tashibihi ya darasani, lakini tunaikataa kama istilahi, maana chumvi humwagwa barabarani katika nchi hizo kuyeyushia barafu, na msomaji atachanganyikiwa.

Tabaka dhaifu likivunjika, lile lililo juu yake hutoka kwa pamoja, kama kipande kimoja kipana, kisha ndipo linapopasuka vipande na kuporomoka. Je, Kiswahili hakina neno kwa jambo hilo? Fundi wa Ngamiani analo. Lipu iliyopigwa juu ya ukuta wenye unyevu haimomonyoki chembe chembe, inabambuka. Gome la mti hubambuka, na rangi ya mashua iliyopakwa juu ya ubao mbichi hubambuka. Kitenzi hiki kinataja mambo mawili kwa mara moja: kwamba kitu kilikuwa kimeshikamana na kingine, na kwamba mshikamano huo umekwisha. Kwa hiyo poromoko la aina hii, ambalo ndilo liuwalo wasafiri wengi wa milimani, liitwe bambuko la theluji, na kipande chenyewe kabla hakijatoka kiitwe bamba. Lile jingine, la theluji isiyoshikamana, linaloanzia mahali padogo na kupanuka kadiri linavyoshuka, liitwe mmwagiko. Poromoko liwe jina la jamii nzima, na bambuko na mmwagiko yawe majina ya watoto wake wawili.

Maneno mengine mawili yako tayari pwani yakingoja kuajiriwa. Upepo huichukua theluji kutoka upande unaoukabili na kuilundika upande wa pili wa mlima, na huko ndiko bamba hatari hujengeka. Watafsiri huandika "upande ambao upepo unatoka" na "upande ambao upepo unaelekea", wakampoteza msomaji. Mabaharia wetu tangu zamani wanasema joshini na demanini. Tena theluji hiyo hujenga ukingoni mwa mgongo wa mlima sehemu iliyojitokeza hewani bila kitu chini yake. Hiyo ni upenu wa theluji. Anayekanyaga upenu hudhani amesimama juu ya mlima, kumbe amesimama juu ya hewa.

Nani aliyefyatua?

Tumezungumza juu ya majina. Sasa tuseme juu ya vitenzi, kwa kuwa kosa kubwa kuliko yote limo humo. Habari zetu husema: "Watalii wanne waliangukiwa na theluji." Kauli hiyo ya kutendewa inamfanya mtu kuwa amekaa tu, na theluji ikamjia kutoka mbali kama radi. Ukweli uliothibitishwa na wachunguzi wa ajali hizo ni kwamba katika takriban ajali tisa kati ya kumi zinazowapata wasafiri wa milimani, bambuko lilianzishwa na uzito wa aliyepatwa mwenyewe au wa mwenzake. Mguu wake ndio uliolivunja tabaka dhaifu.

Kiswahili kina kitenzi kinachosema jambo hili: kufyatua. Mtego hufyatuliwa na anayeukanyaga. Tukisema "msafiri alifyatua bambuko", tumeeleza ajali pamoja na sababu yake, na tumemfundisha msomaji kwamba jambo lile lilikuwa na namna ya kuepukwa. Tukisema "aliangukiwa", tumemwachia kudra tu. Hatusemi hivyo ili kumlaumu marehemu. Tunasema ili aliye hai apate kujua kwamba mtego upo katika miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, ambayo mwinamo wake haupishani sana na wa paa la makuti lililoezekwa vizuri, na kwamba mtego huo pengine hutoa ishara. Limbiko likididimia chini ya miguu hutoa sauti nzito ya chini kwa chini. Lugha za Ulaya zimeiiga sauti hiyo. Sisi tuiite mguno wa theluji, kwani mwenye kuguna ni yule asiyeridhika na mzigo aliotwikwa.

Kitenzi cha pili cha kukosolewa ni kuzika. Kwa kufuata lugha za kigeni, watafsiri wameandika kwamba mtu "alizikwa na theluji", na hata "alizikwa akiwa hai". Kwetu kuzikwa ni kwa maiti. Aliyefunikwa na udongo, mchanga au theluji amefukiwa. Tofauti hii si ya mapambo. Uchunguzi uliofanywa Uswisi na kuchapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba aliyefukiwa akatolewa katika dakika 15 za kwanza anayo matumaini ya kupona ya takriban tisa katika kumi. Zikifika dakika 35, matumaini hayo yameshuka hadi takriban tatu katika kumi. Basi aliyezikwa huombewa dua, na aliyefukiwa hutafutiwa beleshi. Anayetafsiri mwongozo wa uokoaji akachanganya vitenzi hivi viwili amewaambia wenzake wakae matanga wakati wa kuchimba.

Mtego wa daraja la tatu

Mfano wetu wa mwisho ni kipimo cha hatari ya maporomoko kilichokubaliwa na nchi za Ulaya mwaka 1993, chenye madaraja matano. Katika majira ya baridi watu wengi hukisoma kabla ya kutoka. Daraja la 1 ni hatari ndogo, la 2 ni ya wastani, la 4 ni kubwa, na la 5 ni kubwa mno. Katika daraja la 3 bambuko laweza kufyatuliwa hata na mtu mmoja katika miteremko mikali inayotajwa, na ndilo daraja ambalo wengi hufia, maana katika la 4 na la 5 watu huogopa wakabaki majumbani.

Mtafsiri asiye mwangalifu akiona madaraja matano hulitazama la katikati akaliita wastani. Tena wastani kwetu lina harufu ya usalama: mwanafunzi wa wastani amefaulu, bei ya wastani inalipika, mvua za wastani ni neema. Kumwambia msafiri kwamba hatari ya leo ni ya wastani, ilhali ni ya daraja la 3, ni kumpa ruhusa ya kwenda kufa. Isitoshe, madaraja haya hayapandi kwa hatua zilizo sawa kama ngazi za nyumba. Kutoka la 2 kwenda la 3 hatari huongezeka kwa kiasi kikubwa.

Lugha yetu haikosi uzoefu wa madaraja ya namna hii. Tunda la mnazi lina kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, majina matano ya hali tano, na hakuna hata moja liitwalo "nazi ya wastani". Kila jina linasema tunda limefikia kufanya nini: hili huanguka lenyewe, hili hunyweka, hili hukunwa. Kwa kufuata akili hiyo tunapendekeza daraja la 3 liitwe hatari pevu, yaani iliyokomaa ikawa tayari, na inayongoja mkono wa kuichuma tu. Na kwa kuwa maneno hupotoka yakipita vinywani, namba ya daraja itajwe daima pamoja na jina: "hatari pevu, daraja la 3".

Hitimisho

Mapendekezo haya yako mbele ya Baraza na mbele ya wasomaji ili yajadiliwe: poromoko, bambuko, mmwagiko, limbiko, bamba, tabaka dhaifu, joshini na demanini, upenu, mguno, kufyatua, kufukiwa, hatari pevu. Hakuna hata moja lililoagizwa upya kutoka ng'ambo. Yametoka kwa fundi lipu, kwa nahodha, kwa mwindaji na kwa mkwezi, watu ambao wengi wao hawakuiona theluji maishani, lakini walijua vema jinsi vitu vinavyoshikana na jinsi vinavyoachana.

Hatuna budi kujiuliza swali moja kabla ya kulipitisha neno lolote la hatari, liwe la theluji, la tope, la moto au la maji: je, mtu akilisikia neno hili asubuhi, litamzuia mguu? Kama kazi yake ni kumtaja jioni tu, litafutwe jingine.